Pikapu Yenye Injini ya Boti

Jumatano, 3 Agosti

Nimenyonya petroli kwa mpira tena asubuhi, nijue imebaki kiasi gani kwenye tangi. Haikujaza hata chupa. Mdomo unanuka mpaka sasa, chai haikusaidia. Pikapu iko palepale chini ya kibanda cha kuni, kuku wanaatamia kwenye kiti cha dereva. Nimewafukuza. Wamerudi.

Petroli hakuna Kindu. Treni imeleta saruji, bia na mazutu, yaani dizeli. Mazutu yapo, ila injini yangu haitaki mazutu, inataka petroli, tena inataka nyingi. Pikapu nimerithi kwa marehemu mjomba na sijui yeye aliilisha nini. Kwa safari ya Kailo peke yake inakunywa kile ambacho magari ya watu yanaendea Kalima na kurudi. Mlevi ana mwisho wake, akilala amelala. Hii hailali.

Waendesha baiskeli wa mawese wameniletea habari kutoka Pangi. Mke wangu Feza mzima. Mtoto mzima, wa kike, analia kwa sauti nene. Arobaini inaisha Jumanne ya tarehe 23. Baba mkwe hajabadilisha neno lake: nije na gari. Nisipofika na gari siku hiyo, mtoto atabaki kwao mpaka aache ziwa, na Feza atabaki naye.

Kwao mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake. Hilo nililikubali bila shida. Hili la gari nilijitafutia mwenyewe. Nilipokwenda kuposa nilijigamba nina gari, halafu siku ya kumchukua bibi arusi nikatokea na baiskeli ya kukodi. Baba mkwe hakusema kitu siku ile. Alingoja. Feza alipokwenda kujifungua ndipo akasema, tena mbele ya watu: "Mujukuu wangu hatapanda kinga. Utakuja na ile mutuka ulisemaka." Kinga kwao ni baiskeli, mutuka ni gari.

Nina mtoto na simjui sura. Inanichoma.

Alhamisi, 4 Agosti

Fundi Shabani amenipeleka mtoni. Huyu Shabani ameendesha injini za boti tangu ujana wake, na ukimsikiliza utadhani Lualaba inamwomba ruhusa kabla ya kupita. Maneno mengi. Lakini mikono anayo.

Kuna boti iliyopasuka kwenye mawe miaka iliyopita. Imevutwa ukingoni, majani yameota ndani yake. Shabani akaingia, akapangusa kitu kwa shati lake. Injini. Ndogo, fupi, silinda mbili, rangi ya kijani bado inaonekana. Ya mazutu.

"Hii moteri haikunywake," akasema. "Inalambaka tu."

Nilicheka. Akamimina kopo moja la mazutu, akatia bomba la maji ndani ya ndoo, akashika ule mkono wa chuma wa kuwashia, akazungusha. Mara ya kwanza, kikohozi. Mara ya pili, moshi mweusi. Mara ya tatu ikashika. Du, du, du, du. Mbavu za boti zikatetemeka, panya wakatoka. Mimi nikasimama na mdomo wazi. Kitu kimelala ndani ya matope na mvua, hakuna aliyekisemesha, kisha unakipa kopo moja kinaamka kama kilichoambiwa ningojee.

Tukakaa kuisikiliza. Tukazungumza habari za soko, za bei ya mchele, za kaka yake wa Kibombo. Tukamaliza mazungumzo. Kopo lilikuwa halijaisha.

Sijapata kuona kiumbe kinachofanya kazi kwa chakula kidogo namna hiyo, labda mama yangu.

Nimeamua. Injini ya mjomba itoke, hii iingie.

Jumamosi, 6 Agosti

Salongo asubuhi, ile kazi ya lazima ya mtaa. Tumefyeka majani mbele ya ofisi ya chama mpaka mgongo ukakataa. Mkubwa wa mtaa alikuwa anapita na filimbi, "Sitwayeni, inama!" Sitwayeni, yaani raia, nimeinama.

Mwenye boti amekubali tubadilishane. Yeye anachukua bati nilizonunua kwa nyumba, mimi nachukua injini. Mama yangu amezitazama bati zikitoka uani moja moja, hakuficha hasira.

"Bati unapa muntu. Mutoto atalala chini ya nyasi?"

Nimemjibu kwanza afike, ndipo tuulize atalala chini ya nini. Jioni ameniwekea ugali bila mboga.

Jumatatu, 8 Agosti

Injini imefika nyumbani. Imebebwa na watu wa bandarini kwa miti miwili mabegani. Walikuja wakiimba, na kila mstari wa wimbo wao ulikuwa unanitukana mimi, eti bwana anaoa chuma. Watu wa mtaa wametoka nje. Mtaa mzima umejua.

Mchana tumeng'oa ya zamani. Tuliivuta kwa mnyororo uliofungwa kwenye boriti, na ilipoachia, pikapu yenyewe ikanyanyuka mbele, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Nikachungulia ndani. Shimo tupu. Unaona ardhi chini. Nikaogopa. Gari bovu bado ni gari, lakini hili shimo ni nini?

Shabani anapiga mluzi. Ananiudhi.

Alhamisi, 11 Agosti

Haiingii.

Injini inakaa vizuri, tatizo ni kuiunganisha na giaboksi. Matundu ya bolti hayaonani. Shabani amekata bamba la chuma kutoka ubavu wa ile boti, amelitoboa, ametia kati ya injini na giaboksi. Limepinda kidogo. Kidogo tu, lakini ukizungusha, mhimili unakwaruza. Ameligonga. Likapinda upande wa pili. Nikamwambia wewe umeharibu. Akaniambia wewe nyamaza. Tukakaa kila mtu upande wake wa pikapu.

Nimemwonea wivu kila mwanaume niliyemwona leo na mtoto mgongoni. Hata wale wanaowachapa.

Ijumaa, 12 Agosti

Bamba jipya. Karakana ya reli wamelinyoosha kwa mashine yao. Limekubali. Nimeweka mkono juu ya giaboksi wakati Shabani anazungusha, nikasikia vile vyuma viwili, kimoja cha mto na kingine cha barabara, vinazunguka pamoja bila kelele. Nimemwomba Shabani radhi. Yeye hakuniomba.

Jumapili, 14 Agosti

Kazi ya maji na mafuta.

Maji rahisi. Kwenye boti injini ilikuwa inapozwa na maji ya mto. Sisi tumeifungia rejeta ya mjomba.

Mafuta tumebishana. Injini hii haina pampu ya kuvuta mazutu. Kwenye boti tangi lilikaa juu yake, mafuta yakashuka yenyewe kwa bomba la shaba. Kwa hiyo na sisi lazima tangi liwe juu. Shabani alitaka liwe juu ya paa la kabini. Nimekataa kabisa. Feza atakaa ndani ya kabini na mtoto mapajani, halafu mimi niwawekee pipa la mafuta juu ya kichwa? Likivuja je? Harufu je? Mtoto hajatimiza hata arobaini.

Nimesema pipa liende nyuma, mwisho kabisa wa bodi, mbali na mtoto kadiri inavyowezekana. Tumelitengenezea kiti cha chuma, tumelichomelea hapo. Bomba lote la boti limetosha kutoka pipa mpaka injini, kasoro hakuna.

Shabani akapima kwa jicho. "Mbele, nyuma, yote njo sawa. Mazutu itashuka tu." Mtu aliyekaa na injini maisha yake yote. Nimeridhika.

Jumatano, 17 Agosti

IMEWAKA.

Sina la kuandika zaidi. Imewaka ndani ya pikapu. Boneti haifungi, tumeiondoa. Bomba la moshi limesimama wima kama la boti. Du, du, du. Nimekaa kwenye usukani, nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi polepole, na nyumba ya jirani ikaanza kurudi nyuma. Nikasema nyumba inatembea. Ni mimi.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Ameizunguka pikapu yote, ameigusa ubavuni kama mtu anayempima mgonjwa homa. Kisha akaniuliza siku ya kwenda kumleta mjukuu wake ni lini.

Ijumaa, 19 Agosti

Baada ya sala ya Ijumaa tumevuka na kivuko, tukaenda Kailo kujaribu.

Tumepitwa na baiskeli. Niandike ukweli wote. Tena baiskeli yenye mtungi wa mawese nyuma. Mwendo wake ni wa boti, hauna haraka na hauchoki. Watoto walikimbia pembeni yetu wakachoka wao. Shabani alikuwa amekaa amekunja mikono kama nahodha.

Kurudi, nimeingiza kijiti ndani ya pipa kupima. Nikakitazama. Nikakipangusa, nikaingiza tena. Mazutu yamepungua upana wa kidole. Kailo na kurudi! Ile ya mjomba ingekuwa imeniacha kivukoni. Nikampa Shabani kijiti atazame. Ametazama, akanirudishia. Tumesimama pale tukikitazama kijiti kilicholowa, watu wazima wawili.

Kuna vitu Mungu ameviweka duniani na sisi tunapita tu.

Jumapili, 21 Agosti

Safari, mimi na Shabani. Kivuko kilichelewa mpaka jua likawa kali. Nina mchele, chumvi, sabuni, blanketi la baba mkwe na pea ya vitenge vya mama mkwe. Mama ametuma kikapu cha samaki wa kukausha, na maneno mengi kuliko samaki.

Mama mkwe ananitia hofu kuliko barabara. Uso wake siujui. Baba mkwe anaswali kama sisi, lakini mila za kwao hajaziacha, na kwao mkwe hatazamani na mama wa mke wake. Ukimwona njiani unageuka, unampa mgongo mpaka apite. Ukimtazama usoni umemvunjia heshima, na nyumba nzima imekasirika. Siku ya posa nilisikia sauti yake tu kutoka jikoni. Sauti nene. Jina lake nalijua, silitamki.

Tumelala kijiji cha njiani. Injini haijakohoa hata mara moja. Nimefurahi mpaka naona haya.

Jumatatu, 22 Agosti

Mambo yameharibika.

Asubuhi ilikuwa vizuri. Halafu vikaanza vilima vya Pangi. Ule wa kwanza tuliupanda kwa shida, injini inapungua nguvu kama mtu anayesinzia. Ule wa pili, mkali, tulifika katikati, ikazimika.

Shabani akaiwasha. Ikazimika. Tukaachia breki, tukarudi chini kwenye tambarare. Ikawaka mara moja, inanguruma vizuri. Tukapanda. Palepale katikati, kimya.

Amesafisha chujio kwa kanzu yake. Ametoa hewa kwenye bomba. Amesema mazutu yana maji, akayaonja, hayana maji. Amefungua, amefunga. Mara nyingi, siwezi kuhesabu, na kila mara ni vilevile: chini inaimba, juu inakufa. Mchana amekaa kando ya barabara, amenyamaza. Shabani akinyamaza ujue ni msiba.

Kwa baba mkwe ni juu ya milima hii hii. Wapita njia wanasema si mbali. Kwa miguu si mbali. Naweza kufika kesho na miguu yangu na vitenge kichwani. Kisha nitasema nini? Gari lipo, liko chini ya mlima?

Nimekasirika na Shabani, na baba mkwe, na boti, na mto wenyewe. Jioni nimeingia nyuma ya mti nikalia. Nimeandika kwa sababu hakuna wa kunicheka humu.

Jumanne, 23 Agosti

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Asubuhi tuliamua kukata tamaa kwa heshima: tugeuze pikapu, tuiache kwenye kijiji cha chini, niende kwa miguu. Tulikuwa bado mlimani. Tukaigeuza kwa kusukuma, mbele huku, nyuma kule, mpaka pua ikatazama bondeni. Nikasema niiwashe tu, ishuke na moto wake, breki siziamini.

Ikawaka. Na haikuzimika. Tuko palepale inapofia kila mara, nayo inanguruma kwa nguvu kuliko siku zote. Nikashuka. Nikatazama mbele, nikatazama nyuma. Pipa lilikuwa juu kuliko kichwa changu. Jana, pua ikiwa juu, pipa lilikuwa usawa wa magoti.

Nilisimama na mikono kichwani. Mazutu yanashuka, hayapandi. Pikapu ikiinua pua, pipa la nyuma linakuwa chini ya injini, na injini inakufa njaa tangi likiwa limejaa. Shabani naye akaona, wakati uleule. Miaka yote ile ya boti! Boti haijawahi kupanda mlima. Mto wote ni tambarare, mbele na nyuma ni sawa kweli, hakudanganya. Sisi watu wa mtoni tumepima kila kitu, maji, bolti, mhimili, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba barabara ina mlima. Na pipa nyuma nililiweka mimi, kwa ajili ya mtoto.

Kulihamisha hatukuweza. Limechomelewa, na bomba ni la shaba, halina urefu wa ziada.

Shabani akasema, "Basi ipande na matako."

Tukapanda kinyumenyume. Mlima mzima, kona zote, gia ya kurudi nyuma. Shabani anatembea mbele yetu, yaani nyuma yetu, ananionyesha kwa mikono, kushoto, kulia, polepole. Mimi kichwa nje ya mlango, shingo imepinda mpaka leo usiku haijarudi. Na injini? Haikupungua hata pumzi moja. Du, du, du, inapanda kama inashuka. Mawe yanaporomoka, inapanda. Wanawake waliotoka mashambani wakaweka vikapu chini wakatutazama. Hawakucheka. Wakasimama tu. Na mimi kwenye usukani nilikuwa kama wao, sielewi ninachokiona, chuma cha mtoni kinapanda milima ya Pangi kwa mgongo.

Kilele, kisha tambarare fupi, kisha mwinuko tena mpaka uani kwa baba mkwe. Njia nyembamba, hakuna pa kugeuza. Nikaingia uani kwake vilevile.

Walikuwa wamekaa. Baba mkwe, ndugu zake, wazee wa ukoo, wote kwenye viti kungojea arobaini. Wakaona nyuma ya gari inawajia, pipa kwanza. Kuku wakaruka. Nikazima.

Baba mkwe akasimama, mikono nyuma. Akasema:

"Mutuka inaingiaka kwa muntu na uso. Hii imetuletea matako. Inakuja ama inaenda?"

Nikafungua mlango nishuke, na mguu ulipogusa chini nikaona kitenge kwenye mlango wa jikoni. Mama mkwe. Nikageuka haraka, nikampa mgongo, uso kwenye ubavu wa pikapu. Nikawa nimesimama hivyo, mimi mgongo, pikapu mgongo. Nikafikiri yamekwisha. Atasema rudi.

Kisha nikasikia kicheko. Kinene, kinatoka tumboni, kinatoka jikoni.

"Mumuangalie! Hata mutuka yake inanipa mugongo! Nani alifundisha chuma heshima hii?"

Wazee wakaanza. Mmoja akakohoa, mwingine akapiga goti lake, kisha wote. Shabani akafungua kinywa kueleza habari za pipa, nikamkanyaga mguu, nikakanyaga vizuri.

Mama mkwe hakuwa amemaliza. Akamwambia mume wake mbele ya ndugu zake wote: "Ulisema mutuka ije. Imekuja. Tena imekuja na adabu kupita wakwe wote tulionaka hapa. Sasa unatafuta nini tena?"

Nilisikia kiti cha baba mkwe kikilia, amekaa. Kisha akasema waniletee maji ya kunywa. Maji hayo yalikuwa jibu lake.

Nilikuwa bado nimetazama pikapu. Nikasikia nyayo zinakuja nyuma yangu, nikajibana zaidi. Zikasimama karibu.

"Baba Mutoto," ile sauti ikasema. "Geuka."

Sikugeuka. Nilidhani ananijaribu. Akasema tena kwamba neno hili la kupeana mgongo ni la kwake, yeye peke yake anaweza kulifungua, na analifungua leo kwa sababu mtoto wa binti yake amemaliza arobaini akiwa hai. "Geuka, nikuone. Na weye unione."

Nikageuka.

Mwanamke mfupi. Sijui kwa nini nilimfikiria mrefu. Chale ndogo kwenye mashavu, jino moja limepungua mbele, macho ya Feza kabisa, ila yamezeeka. Akanitazama moja kwa moja, nami nikamtazama, na nilihisi kama nimevua viatu mahali patakatifu. Mikononi alikuwa na kitu kimefungwa kwenye kitenge. Akakifunua kidogo.

Binti yangu. Amelala, amekunja paji la uso kama anafikiria jambo zito. Sikio la kushoto limejikunja juu, sikio la mama yangu, sikio lilelile. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Yote yakaniruka. Nilichosema mbele ya ukoo mzima ni hiki: "Iko mudogo."

Wakacheka tena. Feza alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, analia na kucheka. Amenenepa. Amependeza mno.

Sijui kama nitalala.

Jumatano, 24 Agosti

Tumekula. Tumeombewa dua. Baba mkwe amekagua injini mwenyewe, ameinama, ameuliza inakula nini. Nikamwonyesha kijiti. Kutoka Kindu mpaka uani kwake, na hayo yaliyobaki. Amekishika kijiti muda mrefu. Kisha akapeleka blanketi ndani bila kusema asante, na akarudi na mbuzi.

Kesho tunashuka. Kushuka pipa liko juu, na kwenye vilima vya kurudi tutageuza pikapu ipande kinyumenyume. Shabani anasema akifika Kindu atafanya pampu. Sasa anajidai tangu mwanzo alijua.

Ijumaa, 26 Agosti

Tuko nyumbani. Mvua ndogo imenyesha asubuhi, ya kutushangaza, Agosti hii. Paa la nyasi halikuvuja.

Feza amelala kwa uchovu. Mama amekwenda kwa majirani, nadhani amekwenda kujisifu. Mtoto nimeachiwa mimi.

Mama mkwe amempa jina lake. Alisema wakati tunapanda garini, alichungulia dirishani akasema, sasa ulitamke, nimelitoa kinywani mwa mila nimelitia kinywani mwako. Sikuthubutu pale. Wala njiani. Feza ananicheka, nasema "mtoto", nasema "huyu".

Sasa hivi yuko macho mapajani mwangu, ananitazama bila kupepesa. Hakuna mtu ndani. Nimefunga mlango kwa haya yangu mwenyewe. Nimesema polepole sana:

Wabiwa.

Amegeuza kichwa.